Usiniuzie Begi la "Eko", Mimi Natoka Ifo

Wasee, tuongee mabegi. Msimu wa kusafiri umefika na nimeona video kama kumi za watu wa Nairobi wakitupangia begi la kununua. La pamba asilia, la juti, la katani, rangi ya mchanga, limewekwa juu ya kitanda cheupe kando ya kikombe cha kahawa. Kila moja linaitwa "eko". Mimi naishi Ifo. Kitanda changu si cheupe, na hata kingekuwa cheupe, kufika saa nne asubuhi kingekuwa chekundu, kwa sababu vumbi la huku halibishi hodi. Kwa hivyo wacha na mimi niseme yangu. Kama kuna watu Kenya hii wanaojua begi ni nini, ni sisi.

Hebu kwanza mwelewe safari yenyewe. Kutoka Dadaab hadi Garissa ni kama kilomita 100. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni karibu 370 nyingine, unapita Mwingi, Matuu, Thika, unashukia Eastleigh ukiwa umekauka kama mkaa. Mkimbizi hasafiri hivi hivi tu, anahitaji karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, na njiani kuna vizuizi. Kila kizuizi mnashuka, mnapanga foleni, mabegi yanafunguliwa. Yanafungwa. Yanafunguliwa tena mbele. Begi lako linarushwa juu ya basi na kijana ambaye hana habari na laptopu yako, linalaliwa na magunia ya vitunguu, halafu linashushwa kwa mkono mmoja kama kuku.

Nikwambie kitu ambacho hakuna video imesema: kwenye njia hii kinachokufa kwanza si kitambaa, ni zipu. Mchanga wa Ifo ni laini kama unga, unaingia kwenye meno ya zipu, na baada ya safari tatu au nne ule mkono unavutika bila kufunga chochote. Nilipokuwa bado chuo, kabla sijaacha mwaka wa pili, nilimaliza mabegi mawili ya mgongoni kwa namna hiyo hiyo. Kitambaa kizima, mikanda mizima, zipu marehemu. Kwa hivyo mtu akiniambia begi fulani "linadumu", swali langu la kwanza ni linafungwaje.

Sasa, begi ambalo kila mtu huku analo ni lile kubwa la mraba-mraba, la plastiki iliyofumwa, bluu na nyekundu ama nyeusi na nyeupe. Unalijua. Ukienda Afrika Magharibi linaitwa Ghana Must Go, na hilo jina si utani. Januari 1983 serikali ya Nigeria iliwaamuru wahamiaji wasio na karatasi waondoke nchini ndani ya wiki chache. Zaidi ya watu milioni moja waliondoka, wengi wao Waghana, na wengi walibeba maisha yao yote ndani ya begi hilo kwa sababu lilikuwa rahisi, kubwa na jepesi. Jina likabaki. Na kabla hujawacheka Wanigeria, mwaka 1969 Ghana ndiyo iliyokuwa imewafukuza wageni, Wanigeria wakiwa wengi kati yao. Begi ni la mtu yeyote ambaye ameambiwa toka.

Nikaona niseme hivyo mapema, kwa sababu watu wakiongea kuhusu mabegi ya nyuzi za asili wanaongea kana kwamba sote tunachagua tukiwa tumetulia, tumekaa, tuna wiki mbili za kufikiria rangi. Hooyo wangu alifika hapa 1992 akiwa msichana. Kambi za Dadaab zilikuwa zimefunguliwa mwaka uliotangulia, zikakusudiwa watu 90,000. Nilimuuliza juzi, "Hooyo, nikikununulia kiondo kizuri utakibeba ukienda Garissa hospitali?" Akaniangalia vile wao huangalia. "Kiondo ni cha sokoni," akasema. "Gunia ndilo la kukimbia."

Sikuwa na jibu. Nikaendelea kukunja nguo.

Lakini nilienda nikafikiria, na nadhani hooyo ana haki nusu tu. Nusu nyingine iko kwa mama yake.

Ayeeyo alilelewa kwenye ufugaji kabisa, ngamia na mbuzi, watu wa kuhama. Na watu wa kuhama ndio wataalamu wa begi. Nyumba yao, aqal, ni matao ya mizizi na matawi yaliyokunjwa, juu yake mikeka minene. Ile mikeka wanawake waliisuka kwa nyuzi za magamba ya mti. Magamba yanabanduliwa, yanatafunwa kwa meno mpaka yalainike, yes, kwa meno, halafu yanasokotwa. Siku ya kuhama nyumba inavunjwa, mikeka inatandikwa mgongoni mwa ngamia kama mto ili mzigo usimchubue, vile vijiti vinafungwa juu, vyombo vinaning'inizwa pembeni. Yaani nyumba yenyewe ndiyo begi. Unafika, unalifungua, unalala ndani yake.

Na kuna chombo kingine ambacho kikinikumbusha vile nasikia mtu akisema nyuzi za asili "hazistahimili" nataka kucheka. Haan. Ni chombo cha maziwa au maji kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, kimesukwa kwa kubana hadi kinashika maziwa bila kuvuja. Ndani kinafukizwa moshi wa vijiti maalum, ndio maziwa yakae bila kuharibika haraka na yapate ile ladha ambayo wazee wetu wanaililia mpaka leo. Kikapu kinachoshika maziwa, buda, juu ya ngamia anayeyumba, jua la Kaskazini Mashariki. Halafu mtu aniambie nailoni ndiyo imara.

Kwa hivyo si kweli kwamba nyuzi za asili ni mambo ya watu wenye pesa na mimea ya kupamba dirishani. Tulikuwa nazo. Tulizipoteza kwa sababu ukikimbia vita hubandui magamba ya mti, na ukifika kambini unakatazwa kukata miti ovyo, na kwa haki, ukiangalia vile kuni zimeisha kilomita na kilomita kuzunguka hapa. Kilichobaki kimejaa tele ni gunia la msaada. Lile jeupe la plastiki iliyofumwa, lina maandishi ya buluu. Watu wa Ifo wamelifanya pazia, mkeka, paa, begi la shule. Ukienda sokoni Bosnia, hilo ndilo soko letu kama hujui, utapata mafundi wanaolikata, wanalishona mara mbili, wanaweka mishikio ya mkanda wa gari, na unapata begi la kubeba hata kilo hamsini.

Je, hilo ni "eko"? Kwangu ni eko kuliko nusu ya vitu mnavyouziwa. Gunia lilishatengenezwa, limeshafika, limeshamwaga mtama wake. Kulitumia miaka mingine mitatu hakuongezi kitu kipya duniani. Tatizo lake liko mwisho: jua linalichoma, linaanza kumeguka, vile vipande vyeupe vinatapakaa, vinaliwa na mbuzi.

Hapo ndipo mimi nachukulia hii stori kwa uzito. Nyinyi wa mjini plastiki kwenu ni mtaro umeziba. Kwetu ni mali inakufa. Kabla ya tarehe 28 Agosti 2017, siku Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, kila mti wa mathenge hapa ulikuwa umevaa majuala kama maua. Sheria ilikuja na meno, faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au jela mwaka mmoja hadi minne, na ukweli usemwe, tofauti inaonekana. Lakini plastiki haijaisha, na mbuzi hasomi gazeti rasmi la serikali. Anakula, plastiki inajikusanya tumboni, haitoki, anakonda akiwa ameshiba. Huko Dubai watafiti, akiwemo daktari wa mifugo Ulrich Wernery, walitoa ripoti mwaka 2021: kati ya ngamia 30,000 hivi waliochunguzwa tangu 2008, zaidi ya 300 walikutwa na mabonge ya plastiki tumboni. Kuna bonge lililokuwa na uzito wa zaidi ya kilo 60. Hiyo ni mimi mzima, nikiwa nimekula.

Ngamia mmoja ni karo. Ngamia mmoja ni harusi. Kwa hivyo ukisema "begi lisiloua mazingira", huku mazingira yana jina na mwenyewe.

Baada ya marufuku ya 2017 ikaja ile mifuko laini ya rangi, inahisi kama kitambaa ukiishika, wengi wakaamini ni nguo. Si nguo. Ni plastiki ileile, imebanwa tu badala ya kufumwa. Mwaka 2019 NEMA ikatangaza kuipiga marufuku nayo kwa sababu zilikuwa zinatengenezwa nyepesi mno na zinaraka haraka. Nilipewa mmoja kwenye duka fulani Eastleigh, umechorwa jani la kijani kubwa kabisa. Miezi mitatu ya jua la Ifo ukaanza kumeguka mkononi kama biskuti. Jani lilibaki zuri, lakini.

Sasa twende Ukambani, kwa sababu basi letu linapita huko na hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Ukishavuka Tana pale Garissa, mchanga unaendelea, unaendelea, halafu karibu na Mwingi nchi inaanza kupanda na unaona ua wa mikonge umepandwa kuzunguka mashamba. Ile miiba mirefu ya kijani kama visu. Hiyo ndiyo katani. Na wanawake wa huko ndio wanaosuka kiondo, wao na Wakikuyu, kwa miaka na mikaka. Zamani Wakamba walitumia nyuzi za magamba ya mbuyu. Katani ilikuja baadaye, na ilikuja mbali: mmea wenyewe ni wa Mexico, na kwa Kiingereza uliitwa kwa jina la bandari ya Sisal kule Yucatán. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida ili iletwe Tanganyika. Ilipofika Tanga ilibaki hai 62. Sitini na mbili! Kutoka hiyo, Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani.

Nalipenda hilo kwa sababu zangu. Mmea wa kigeni, umefika ukiwa nusu mfu baada ya safari mbaya, ukapandwa mahali hakuna aliyetaka kupanda kitu, na leo watu wanauita wetu. Sitafafanua zaidi.

Kiondo changu nilikinunua kutoka kwa mama mmoja barabarani, basi liliposimama watu wachimbe dawa. Alitaka 1,500, nikatoa 1,200, tukaachana tukiwa marafiki. Kina miaka miwili na ushee sasa. Nimekibeba Garissa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na Nairobi mara tano. Hakina zipu, kwa hivyo hakuna zipu ya kufa. Kwenye kizuizi askari anachungulia tu, anaona shuka, chaja, mkate, anaashiria niende.

Lakini kama nawe unataka kununua, usinunue kwa macho. Viondo vingi sokoni siku hizi vimesukwa kwa uzi wa nailoni na vinauzwa bei ya katani. Omba muuzaji akukatie kauzi kadogo kanakochomoza, uwashe kwa kiberiti pembeni. Katani inaungua kama karatasi, inanuka moshi wa majani, inabaki jivu linalosagika. Nailoni inajikunja, inayeyuka, inabaki kijidonge kigumu. Muuzaji akikataa hilo jaribio umeshapata jibu lako bure. Halafu angalia mishikio. Ngozi ikiwa imeshonwa kwenye ukingo wa juu peke yake, itang'oka na ukingo. Unataka mkanda unaoshuka chini ubavuni, na ukiweza, unaopita chini ya kitako chote na kupanda upande wa pili, ndio mzigo ubebwe na mkanda, si na msuko. Lowesha kidole, sugua rangi nyekundu. Ikitoka kwenye kidole itatoka kwenye shati lako jeupe pia. Na ndani, weka kitambaa. Katani inakwaruza, inaacha vijinyuzi kwenye kila kitu, mara ya kwanza nguo zangu zote zilionekana kama nimelala na mbwa.

Pamba je? Zile totebegi? Wacha nikupe hesabu. Mwaka 2018 idara ya mazingira ya Denmark ilitoa ripoti ikilinganisha mifuko ya kubebea. Ili mfuko wa pamba ya kawaida ulingane na plastiki nyepesi kwa kila aina ya madhara, inabidi utumike mara 7,100. Wa pamba asilia, mara 20,000. Ukitumia kila siku hiyo ya kwanza ni zaidi ya miaka 19 na ya pili karibu 55. Ifo yenyewe haijafikisha huko. Ukihesabu mabadiliko ya tabianchi peke yake namba inashuka sana, mara 52 kwa pamba ya kawaida, ambayo mtu anaweza. Watu wa plastiki wanapenda sana kuitaja hiyo ripoti. Wasichosema ni kwamba haikuhesabu takataka zinazotupwa ovyo. Yaani mbuzi wa hooyo hamo kwenye hesabu. Kwa hivyo mimi siichukui kama ruhusa ya kurudi kwa plastiki, naichukua kama onyo kwa nyinyi wenye totebegi kumi na nne nyuma ya mlango, kila moja ya semina yake.

Juti sina mengi. Inatoka mbali, Bangladesh na India zaidi, ikilowa inaoza haraka kuliko katani. Pita.

Na sasa mabaya ya kiondo, kwa sababu sitaki mtu anunue halafu anitafute. La kwanza ni mchwa. Ukiweka kiondo chini kwenye udongo wa Ifo wiki moja, utakuta kitako kimegeuka handaki. Tundika kwenye msumari. La pili ni maji. Novemba 2023 mvua za El Niño ziliikata barabara upande wa Madogo, watu wakawa wanavushwa kwa boti na mizigo yao kichwani, na huku kambini maji yakaingia ndani ya nyumba. Siku kama hizo katani inakunywa maji, inakuwa nzito, na usipoianika vizuri kwenye jua inaota ukungu na kuanza kuoza. Gunia unalikung'uta tu, unaendelea. Hapo hooyo alikuwa sahihi, na alihakikisha nimemsikia.

La tatu ni gumu kidogo kulisema. Nimesafiri na gunia na nimesafiri na kiondo, mtu yule yule, njia ile ile, karatasi zile zile. Nikiwa na gunia nikishuka Eastleigh naulizwa natoka wapi kabla sijasema salamu. Nikiwa na kiondo, dada mmoja kwenye matatu aliniuliza kama ninauza sanaa. Hakuna aliyebadilika isipokuwa begi. Nilifurahi na nikaudhika kwa dakika ile ile, kwa sababu ndani ya kiondo kulikuwa na kitu kile kile kilichokuwa ndani ya gunia: shuka, chaja, mkate. Kwa hivyo mkisema "begi la asili linakupa mwonekano", ndiyo, linatoa. Najua hasa ni mwonekano wa nini. Na najua ni nani anayeweza kumudu kuununua kwa 1,200 wakati chakula cha msaada kimekatwa mara kadhaa na 1,200 ni unga wa siku nyingi.

Ndiyo maana simuambii mtu wa Ifo atupe gunia lake anunue kiondo. Wewe wa South B ambaye unanunua begi la mgongoni jipya kila Januari, wewe ndiye naongea nawe. Nunua cha katani kutoka kwa mtu aliyekisuka, mlipe vizuri, kibebe mpaka kichoke.

Sisi huku tuna wazo lingine. Mtaa wetu kuna mama mmoja ambaye bado anajua kusuka kama ayeeyo, vidole vyake haviangaliwi hata na yeye mwenyewe. Nyuzi za magamba hazipatikani, lakini katani inakuja kwa basi kutoka Mwingi kama kamba, na kamba inaweza kufumuliwa. Tumekubaliana asuke begi la safari, refu, la kubebwa mgongoni, lenye kifuniko cha kufunga kwa kitanzi na kijiti badala ya zipu, na ndani yake ashonee gunia zima la msaada ili mvua ikija vitu vibaki vikavu, na ili plastiki ikae ndani ambako jua halifiki na mbuzi pia. Amekubali kila kitu isipokuwa mkanda. Mimi nataka ngozi, yeye anataka kamba iliyosokotwa mara tatu kwa sababu ngozi, anasema, fisi wataila. Nikamwambia Eastleigh hakuna fisi. Akaniuliza kama nina hakika.

Kitako kimeshamalizika. Mkanda bado tunabishana.